Robo Saa ya Lalitpur

Toleo jipya lilipanda usiku wa Ijumaa,
bila kelele, bila onyo jekundu,
na Bijeta Dangol akaandika kwenye daftari la zamu: Salama.
Wino haujakauka, simu ikalia kutoka wodi ya wazazi.

"Dada, mtoto amezaliwa kabla mama yake hajafika."

Akacheka. Akafungua skrini, akaacha kucheka.
Mama, kwa kalamu ya mlinzi wa lango,
aliingia saa sita kasorobo, ameshika kiuno.
Mtoto, kwa maandishi ya mashine,
alikwisha kulia saa tatu na dakika ishirini na tano.
Na ghorofa ya pili mzee mmoja
alikuwa ametiwa sahihi ya kifo
angali anakula wali na dengu.

Saa ya seva? Sahihi.
Saa ya ukutani? Sahihi.
Ya mkononi, zawadi ya shemeji, inachelewa dakika mbili,
lakini tabia hiyo anaijua.
Kila saa peke yake ilisema kweli.

Akaiuliza hifadhidata: Kathmandu ni saa ngapi?
Haikusema sifuri. Haikusema kosa.
Ilirudisha tupu,
kama mtu aliyeulizwa jina la kwao akatazama chini.
Majedwali ya kanda za saa yalibaki kwenye toleo la zamani,
ufunguo uliosahauliwa mlangoni siku ya kuhama,
na mashine, kwa kukosa kwao, ikajihesabu mtu wa Grinichi.

Sisi huku tunaelewa kidogo.
Kwetu mshale husimama kwenye saba nasi tukasoma moja,
wala hatujawahi kugombana na ukuta.
Ile sita tunaitoa kichwani, hata kalamu hatutafuti.
Mashine haina kichwa cha kutolea.
Ina ilichoambiwa, na usiku ule haikuambiwa kitu.

Saa kumi na moja alfajiri akachoka,
akafanya wafanyavyo waliochoka:
akaongeza kwa mkono, saa tano na dakika arobaini na tano,
kwa kila mtu, kwa kila mwaka,
walio hai na waliochomwa kando ya Bagmati.
Mtoto akarudi nyuma ya mama yake.
Mzee akamaliza wali.
Chai ilikuwa imeota utando; akainywa hivyo hivyo.

Saa nne asubuhi, dirishani, Asmaya Tamrakar,
kazaliwa hapa hapa, mwezi wa Kartik, mwaka 2041
kwa kalenda yao; wengine bado hatujaufikia.
Anataka nakala ya kumpelekea mnajimu.
Ana karatasi ya mama yake, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka:
saa kumi na mbili kasoro dakika tano.
Skrini: saa kumi na mbili na dakika kumi.

"Robo saa tu," akasema kijana wa zamu ya mchana.
"Robo saa," akasema Asmaya, "ndimo jua lilimochomoza.
Mmenihamisha siku."

Bijeta akakaa tena, koti mwilini.
Nchi hii iliishi saa tano na nusu mbele ya Grinichi
mpaka Januari ya 1986, mshale uliposogezwa robo
na watu wakaamka, wakakamua nyati wao kama jana.
Kabla ya hapo robo hii haikuwepo ya kumpa mtu.
Yeye aliigawa kwa wote, kama pipi.

Akafuta hesabu ya alfajiri, mstari kwa mstari.
Akapakia majedwali yote na historia yake,
hata ya visiwa ambavyo hatavikanyaga.
Akauliza tena. Ikajibu.
Asmaya akalinganisha karatasi mbili, mara tatu, midomo ikicheza,
akaondoka bila asante.

Kwenye daftari neno Salama lilikuwa bado limekaa.
Hakulikata.
Chini yake akaandika saa ya kumaliza,
akasita,
akaongeza: Lalitpur.